Mke wa Mnana

Wiki jana upepo wa ziwani uliangusha kiota cha mnana kwenye baraza ya nyumba yangu hapa Kisumu. Upande mmoja kilikuwa kibichi, upande wa pili kimekauka, na nilipokiinua kilinuka nyasi zilizokatwa zikanyeshewa. Harufu hiyo naijua. Ilinitoa barazani moja kwa moja ikanirudisha Ahero, darasa la sita, nikiwa nimevaa gunia la mchele na kuitwa mke wa ndege.

Mimi hufundisha tamthilia chuoni, kwa hiyo ndege nimekaa nao sana. Fungua tamthilia za kale, za huku au za ng'ambo, utawakuta wamejaa. Bundi analia, na kabla pazia halijafungwa mtu mkubwa amekufa. Njiwa yumo tunduni, na mwenye nyumba ni mwanamke asiyeruhusiwa kutoka. Kundi zima la waimbaji linaingia na manyoya mgongoni, linaanza kuwasema binadamu. Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini waandishi hao hawakusema tu walichotaka kusema. Huwajibu kwamba ndege humpa mtu nafasi ya kucheka kabla hajajua kuwa anayechekwa ni yeye. Ni jibu zuri, nalitoa kwa kujiamini, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kulipinga. Ila sikulipata kitabuni.

Kwetu Ahero ndege hawakuwa mfano wa kitu chochote. Walikuwa wezi. Mpunga ulipoanza kuwa na maziwa ndani ya punje, kwelea walishuka kwa maelfu, na watoto wa kila boma tulipelekwa majarubani kuwaamia kabla na baada ya shule. Tulikuwa na kombeo za kurushia udongo, tulikuwa na madebe ya kupiga, na tulikuwa na koo. Mimi koo langu lilishinda la wote. Niliweza kuliondoa kundi zima lililotua ng'ambo ya mfereji bila kuinua mkono, na sikuona haya kujisifu.

Koo hilo ndilo lililomfanya Mwalimu Odera anichague. Alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili, kijana mrefu aliyesomea tamthilia za kale chuoni na ugonjwa ule haukumtoka. Mwaka huo aliandika mchezo wake mwenyewe wa kupeleka kwenye mashindano ya shule, na wahusika wote walikuwa ndege. Mnana dume, ambaye sisi nyumbani humwita osogo, anafuma kiota. Mke wake anakuja kukikagua, anavuta nyasi hapa na pale, anakikataa. Dume anakivunja, anaanza upya. Mara tatu. Mwishowe mke anaruka na dume mwingine, na ndege wote wanaimba kumlilia yule aliyeachwa.

"Na msidhani nimetunga," Mwalimu alituambia, akatupeleka kwenye mgunga ulioinamia mfereji. Ilikuwa kweli. Dume la manjano lilining'inia kichwa chini likipiga mabawa na kujionyesha, na jike la rangi ya vumbi likaingia ndani ya kiota, likashika unyasi kwa mdomo, likavuta. Likavuta tena mahali pengine. Kisha likaondoka zake. Dume lilinyamaza kidogo, halafu likaanza kukifumua kiota chake lenyewe, unyasi mmoja mmoja, na nyasi zikaanguka majini. Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kitu ambacho watu wazima wa nyumbani kwetu walikuwa wameshindwa kunieleza kwa miezi mitatu.

Mama alikuwa ametuacha. Niseme vizuri: alikuwa ameniacha mimi na Baba, akamchukua mdogo wangu Omondi, mwenye miaka mitatu, wakaenda kwa wazazi wake Sondu. Mimi nilibaki kwa sababu ya shule, ndivyo alivyosema, na niliichukia shule kwa muda wa siku nne kamili.

Sababu ilikuwa maji. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya boma la babu, kwenye bonde, na mvua ikizidi Mto Nyando ulikuja kututembelea. Safari hiyo ulikuja alasiri moja Baba akiwa Kisumu, na barabara ikakatika nyuma yake. Mama alitupandisha mezani. Omondi alimweka mabegani, mimi alinishika kifundo cha mkono, na akasimama hivyo juu ya meza huku sufuria zetu zikielea na kutoka mlangoni moja baada ya nyingine. Watu wenye mtumbwi walitufikia jua likizama. Alama za vidole vyake zilibaki mkononi mwangu siku mbili.

Baba aliporudi, Mama alimwambia neno moja tu: tuhame, twende kwenye kile kipande chetu cha juu ya barabara. Baba alisema sawa, tukishavuna. Alikuwa amesema hivyo mwaka uliotangulia pia. Asubuhi moja Mama akamwona anachanganya udongo kuziba ukuta ule ule, mahali pale pale. Akafunga nguo zake. "Nitarudi siku nitaona nyumba kule juu," alisema, na hakupandisha sauti.

Tangu hapo Baba alikandika ukuta peke yake. Kwetu hiyo ni kazi ya wanawake, na waliopita njiani hawakukosa la kusema. Mimi nilimwona mvivu na mkaidi. Kumbe, nilijiambia pale chini ya mgunga, Mama hakututupa. Amekagua kiota, amekikataa, na sasa yuko Sondu anangoja Baba afanye kama osogo yeyote mwenye akili: abomoe, ajenge kingine. Tatizo ni kwamba Baba hakujua kubomoa.

Jioni ile ile nilianza kumsaidia. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikaingiza vidole kwenye udongo uliokuwa haujakauka, nikavuta. Ulitoka kwa vipande vikubwa na kuacha fito wazi. Nilifanya hivyo siku tatu mfululizo, kwa bidii ambayo sikuwahi kuionyesha katika hesabu. Siku ya tatu nilipogeuka Baba alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mikono kiunoni.

"Nyathina, mtoto wangu, kumbe ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na mimi natafuta mbuzi ya jirani nimpige!"

Nilimweleza yote. Kwamba Mama hakuipenda hii nyumba, kwamba bibi akikataa bwana hubomoa, kwamba yeye habomoi. Alicheka mpaka akakalia karai lililopinduliwa. Kisha kicheko kikaisha.

"Kule juu siwezi jenga," alisema. "Mwanaume hatoki kwa boma ya baba yake kuanza yake peke yake. Lazima mimi nishike jogoo, Omondi ashike shoka, na mama yako atembee na sisi mpaka kwa hiyo shamba. Sasa Omondi ako Sondu. Mama yako ako Sondu. Nitaenda huko juu na jogoo, watu wanione aje?"

"Si uende umwite?"

"Niende kwa wakwe na mikono mitupu? Maji ilibeba kila kitu, hata hiyo jogoo." Akaitazama mikono yake, iliyokuwa imejaa udongo mpaka kwenye viwiko. "Yeye anangoja nyumba. Nyumba inamngoja yeye."

Alinyanyuka, akaokota vipande nilivyong'oa, akavirudisha kwenye dimbwi la kuchanganyia. "Basi tuseme ni mbuzi," alisema. "Usiambie mtu. Watasema msichana wa Owiti anabomoa nyumba."

Wiki mbili baadaye Mwalimu Odera alitutangazia kwamba mashindano yangefanyika katika shule moja nje kidogo ya Sondu. Nilimtuma mama mmoja wa sokoni, aliyekwenda Sondu kila siku ya soko, amwambie Mama aje anione nikiwa ndege. Baba naye alisema atakuja, kwa vile wazazi walitakiwa kuandamana na wanafunzi. Huko shuleni hakungekuwa kwa wakwe. Huko mkwe angeweza kufika na mikono mitupu bila kumvunjia mtu heshima. Nilijiona nimepanga mambo kuliko chifu.

Lakini jioni ya mwisho kabla ya safari nilirudi nyumbani nikamkuta Baba amemaliza ukuta wote, amelainisha vizuri, anauangalia kwa kuridhika. Hasira zilinipanda. Kama Mama angemuuliza kesho, angejibu nini? Kwamba ametengeneza kiota kile kile? Alipoingia ndani nilikwenda nyuma nikang'oa kipande kikubwa kuliko vyote.

Asubuhi lori lilipopiga honi barabarani, Baba alikuwa bado nyuma ya nyumba anakandika. Alikuja mbio, akapanda akiwa amevaa shati lake jeupe la kanisani, akaketi karibu nami. "Mbuzi amerudi," alisema.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Ochieng', aliyekuwa dume, alivaa vipande vya mitungi ya manjano ya mafuta ya kupikia vilivyoshonwa kwenye fulana, na aling'aa kweli. Mimi nilivaa gunia. Nilikuwa nimelalamika wiki nzima kuhusu gunia hilo, lakini Mwalimu alishikilia kwamba jike la mnana halina rangi, na sanaa haimbembelezi mtu. Kiota kilikuwa cha mafunjo, kikubwa cha kuingia mtoto, kimetundikwa kwenye tawi.

Tukaanza. Kiota cha kwanza nilikivuta nikasema maneno yangu: "Kimelegea. Kivunje." Ndege wote wakaitikia: "Hatosheki! Hatosheki!" Ukumbi ukacheka. Nilifurahi. Cha pili nilikivuta kwa madaha zaidi, "Kimelegea. Kivunje," na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Ndipo sauti ya mwanamke mmoja wa Ahero, aliyekuja nasi kwenye lori, ikatoka safu ya mbele.

"Yawa! Si huyu ni bibi ya Owiti kabisa!"

Wote waliotoka kwetu wakaangua kicheko cha aina nyingine. Wengine walipiga makofi. Mzee mmoja alimgeukia Baba na kumpiga bega, na Baba aliinamisha kichwa. Nilisimama nimeshika mafunjo, nikahisi uso unawaka chini ya majivu niliyopakwa. Kwa mara ya kwanza nilisikia tulichokuwa tukisema. Wiki zote zile nilidhani ninaigiza ndege. Kijiji kizima kilikuwa kinajua ninamwigiza nani, labda hata Mwalimu Odera, aliyepanga nyumba mita mia mbili kutoka kwetu. Mimi peke yangu ndiye sikujua, na mimi ndiye niliyekuwa nikisema maneno.

Halafu nikamwona. Alikuwa amesimama nje ya dirisha la upande wa kushoto, Omondi mgongoni, kitambaa chake cha kijani kichwani. Nilikuwa nimemwalika mwenyewe. Hakulia wala hakukasirika. Alishusha kile kitambaa hadi kwenye nyusi, kama mtu anayejikinga jua, akageuka kuondoka.

Kiota cha tatu kilikuwa mbele yangu. Nilitakiwa kusema, "Kivunje, nami naenda zangu," kisha niruke na mwenzetu aliyekuwa akingoja pembeni. Niliogopa kuliko siku ya maji. Nilijua kwamba nikisema vile Mama hatarudi tena, hata nyumba ijengwe juu ya mlima. Nikavuta pumzi, nikaitoa ile sauti ya majarubani, ya kufukuza kwelea ng'ambo ya mfereji.

"Sikatai kiota!"

Waliokuwa wakicheka walishtuka.

"Sikatai kiota! Nakataa maji chini yake! Nilisimama juu ya meza na mayai yangu, moja begani, moja nimelishika mkono, mpaka jua likazama! Nani hapa alisimama na mimi? Nani?"

Ochieng' alinitazama akiwa amefungua mdomo, kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi nyuma, "Hiyo haiko kwa karatasi."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na mimi nikalia, hapo hapo jukwaani, na majivu yote yakatiririka. Ndege wengine, kwa kukosa la kufanya, wakaanza wimbo wa mwisho. Kupitia machozi nilimwona Baba anainuka, anapita kando ya ukuta akiomba njia, anatoka mlangoni. Nilipotazama dirishani, hapakuwa na mtu.

Hatukushinda. Mmoja wa waamuzi aliandika kwamba ndege hana meza. Mwalimu Odera hakunigombeza. Alikuja akanivua gunia, akasema angepaswa kuandika vile yeye mwenyewe, na sauti yake haikuwa ya mwalimu. Nje nilimkuta Baba kwenye mti wa mjakaranda karibu na lango. Omondi alikuwa mabegani mwake. Mama alikuwa amesimama hatua mbili mbele yake, kitambaa kimerudi juu, na walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini kuhusu jogoo atakayepatikana wapi.

Kabla mvua nyingine haijaja tulitoka boma la babu alfajiri moja, Baba na jogoo, Omondi akiburuta shoka lililomzidi uzito, Mama katikati, mimi nyuma nimebeba maji. Nyumba ile ya juu ya barabara haijawahi kuingia maji hadi leo. Na mimi nilikua nikijua kwa uhakika kwamba niliijenga kwa sentensi nne. Naweza kusema ndizo zilizonifanya niwe mwalimu wa tamthilia. Mtu aliyewahi kumrudisha mama yake nyumbani kwa maneno ya jukwaani hawezi kuambiwa kwamba sanaa haina kazi.

Baba alitutoka mwaka jana, na Mama sasa anakaa nami hapa Kisumu. Kwa hiyo kiota kilipoanguka nilimpelekea mahali alipoketi, nikaanza kumsimulia siku ile, kwa madoido ninayotumia darasani. Nilipofika kwenye sentensi zangu nne, Mama alinikatiza.

"Maneno gani?"

"Yale niliyosema jukwaani. Ya meza na mayai."

"Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nimeshafika kwa lango." Akakigeuza kiota mikononi. "Nilisikia tu umepiga kelele kama ya kufukuza ndege, nikasema mtoto amelemewa. Lakini sikurudi."

Nilihisi miaka yangu yote ya kazi inayumba kidogo. "Sasa ulirudi kwa nini?"

"Nilijua hawezi kuanza boma bila mimi. Yale ya kungoja nyumba nilisema kwa hasira, halafu nikakosa njia ya kurudisha maneno. Basi nikaenda zangu siku hiyo, niko kwa lango, baba yako akanifikia akinyoosha mikono amchukue Omondi." Akapapasa ukingo wa kiota. "Udongo ulikuwa kwa kucha. Mbichi. Yaani asubuhi hiyo hiyo mwanaume ametoka kukandika. Miezi mitatu watu wanamcheka, mimi siko, na bado anakandika, na ameivaa shati ya kanisa juu yake. Nikasema, huyu hajaniacha."

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimetunza siri ya wawili, na mwenzangu sasa yuko chini ya udongo mwingine. Nikamwambia. Kwamba ukuta ulikuwa umekwisha siku iliyotangulia, umelainishwa vizuri. Kwamba niliung'oa mimi, kwa vidole hivi, na si mara moja.

Mama alikiweka kiota mapajani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama ni kicheko au ni kilio hadi alipoinua uso na nikaona ni vyote viwili.

"Nilimuuliza," alisema. "Pale pale kwa lango, nilimuuliza mbona bado anakandika. Na kila mwaka nilimuuliza tena, mpaka hospitalini."

"Alisema nini?"

"Alisema ni mbuzi."